Kishindo Chini ya Pikapu ya Shemeji

Ilikuwa mwaka wa themanini na sita. Hapana, nakosea, sita nilikuwa bado napasua mbao. Basi ni saba, nilipoacha kazi nikaenda kukaa kwa mdogo wangu wa kike. Huko ndiko nilikomjua vizuri mumewe, fundi magari ambaye ovaroli yake ilikuwa safi kuliko shati langu la kutokea.

Mtaani walimwita Sikio. Gari likiletwa, yeye haingii chini yake. Anainamisha kichwa, anafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, kisha anahukumu. Mara nyingine alipatia, na siku hizo tulikosa usingizi kwa majigambo. Kazi za uvunguni aliwasukumia mafundi wengine. "Hizo za watu wa chini," alisema.

Basi pikapu ya nyumbani ikaugua. Mdogo wangu aliitumia kupeleka maziwa kituoni kila asubuhi. Akiachia klachi, chini kunalia ko! Akitia rivasi, ko! Sikio akasikiliza, akasema ni mpira wa kushikilia injini. Akabadilisha. Ko! Akasema ni bodi imelegea, akakaza bolti zote za pembeni. Ko! Akalaumu hata tairi la akiba. Nikagundua kila ugonjwa alioutaja ulikuwa mahali anapofika akiwa wima.

"Shemeji," nikamwambia, "lipeleke kwa mwenzako."

"Gari la fundi lipelekwe kwa fundi? Uso nitauweka wapi?"

Uso wake mkubwa huo. Na mkewe, kwa kuogopa kile kishindo, akawa anaendesha kinyonga kinyonga, maziwa yanachacha njiani. Kituoni wakamwambia akichelewa tena, nafasi yake anapewa mwingine. Siku hiyo alirudi, akajifunga khanga kuukuu kiunoni.

"Mume wangu, nitaingia mimi."

Sikio hakubisha. Akaleta jeki, akaleta mawe ya kuzuia magurudumu, akaleta magogo, akaongeza magogo. Akalisukuma gari kwa bega kulijaribu, kisha akaenda kuleta gogo jingine.

"Shemeji, unatengeneza gari au unajenga daraja?"

"Jeki haina ndugu," akasema, wala hakunitazama.

Mdogo wangu akajilaza, akaingia. Fundi wetu akasimama nje anatoa amri kama mkuu wa kikosi.

"Ishike propela, hilo bomba refu linalozungusha magurudumu ya nyuma, izungushe huku na huku."

"Inacheza."

"Kiungo kipi, krosi ya mbele au ya nyuma?"

"Ya nyuma. Vikombe vyake vinatoa vumbi jekundu la kutu."

"Si nilisema?"

Hakuwa amesema. Debe tupu lile. Ila nimpe haki yake: alimwambia achore alama pale propela inapokutana na difu, lile bonge la katikati ya magurudumu ya nyuma, kabla ya kufungua, irudi vilevile ilivyokuwa, la sivyo gari litatetemeka lote. Hilo lilikuwa kweli. Na muda wote mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania bodi, jasho linamtiririka, na jua halikuwepo.

"Unatokwa jasho kwa kusimama?" nikamchokoza. "Mwenye kulala chini yeye atatokwa na nini?"

"Kaka, mwache," sauti ikatoka uvunguni.

Krosi mpya ikaingia. Mdogo wangu akapanda, akaachia klachi: kimya. Akatia rivasi: kimya. Kesho yake maziwa yalifika kabla ya mwenye kituo, na nafasi yake ikabaki yake. Sikio naye akazunguka mtaa mzima akisimulia alivyokitambua kishindo kwa sikio, na watu wakamwamini.

Lakini lile jasho lilinikaa kichwani. Nikamfuata mdogo wangu jikoni, nikamuuliza kama jeki iliwahi kumteleza mumewe. Akafunika sufuria, akaniuliza kama nimeoga. Nikamuuliza Sikio mwenyewe gereji; akaniomba nimsogezee spana, na hakuwa na kazi nayo.

Wote wawili wameshatangulia. Basi nauliza hapa, maana sina tena pa kuuliza: siku ile jeki ilipomteleza Sikio, kabla sijamjua, chini ya gari alikuwa nani?