Nilihifadhi Ukurasa Mzima, Dada Akanyang'anywa Watoto

Kosa ni langu. Msinipe pole, siitaki! Na wewe unayetaka kusema "alikuwa bado kijana", funga bakuli lako.

Enzi zile intaneti ya Moshi ilikuwa inajikokota, nami nilikuwa fundi kwenye kafe moja mjini. Nikatengeneza tovuti ya watu wa kijijini kwetu mlimani. Ukiingia na neno lako la siri, chini unakuta habari za wote: misiba, harusi, misa. Juu kuna jina lako na barua zako.

Ikawa nzito, watu wakanung'unika. Mimi mjuaji nikaiambia mashine ihifadhi ukurasa mzima wa mtu wa kwanza kuingia, kisha iwape wengine nakala hiyo hiyo. Ikafunguka fasta, nikavimba kichwa!

Binti mmoja wa mtaa wa Pasua niliyefanya naye kazi alinionya. "Kaka, habari za wote hifadhi. Ile ya juu ni ya mtu, ichotwe upya kila anapoingia."

"Wewe chapa barua za wateja," nikamjibu. Mshenzi mimi!

Kesho yake wa kwanza kuingia alikuwa dada yangu Devota, aliyeolewa Kiboriloni. Alikuwa amemwandikia kaka yetu wa Dar: kipigo kimezidi, Jumamosi mume akienda gulioni nachukua watoto naondoka.

Mchana mumewe akaingia kutazama habari za msiba. Aliweka neno lake mwenyewe la siri, jamani! Juu akakuta jina la Devota na barua yote.

Ijumaa akawabeba watoto wote wawili, akawapeleka kwa mama yake, kisha akamfukuza Devota nyumbani. Lile jitu hadi leo likiniona mjini linanichekea!

Nikachuma sale, lile jani ambalo Mchagga akiletewa kuombwa msamaha halikatai. Nikapiga magoti mbele ya dada kwa wazazi wetu.

Hakulipokea. "Mpelekee shemeji yako. Akikurudishia wanangu, ndipo uniite dada."

Nyie mnaoringa kwamba kurasa zenu zinakimbia, sikieni! Cha wote kiwekeeni nakala. Cha mtu mmoja msikiguse, kichoteni upya kila mara. Kama hamjui kuvitenganisha, waacheni watu wasubiri, hakuna aliyekufa kwa kusubiri ukurasa!

Devota huwaona wanawe kupitia geti la shule. Mimi hataki hata nimsindikize.