Makundi Matatu ya Boke

Boke alizaliwa Itiryo, kitinda mimba wa nyumba yenye ng'ombe wachache na mihogo mingi. Akiwa darasa la pili alikwishajua kumlaza kaka yake Mseti kwa ubavu kifafa kilipomshika, na kukaa naye mpaka arudiwe na fahamu. Majirani walisema mengi kuhusu nani kamroga. Boke alitaka kujua kichwani mle kunatokea nini.

Swali hilo lilimfikisha chuo kikuu, kusoma takwimu. Mwaka wa mwisho wa shahada ya pili alipewa kumbukumbu za maabara moja: panya wenye kifafa, na kila seli ya ubongo iliposhtuka, wakati wake umeandikwa. Boke alitafuta seli zinazoshtuka kwa pamoja kabla kifafa hakijaanza. Akapata makundi arobaini na moja. Siku hiyohiyo akampigia Mseti simu, akamwambia huenda iko siku kifafa kitapiga hodi kabla ya kuingia.

Mwalimu wake, Dokta Anold, alifurahi, lakini akamtaka ayapime. Boke akaiagiza kompyuta isogeze kila mshtuko kidogo, mbele au nyuma, kwa kubahatisha, kisha ihesabu upya. Ikafanya hivyo mara elfu. Makundi thelathini na manane yalijitokeza vilevile hata baada ya kuvurugwa. Hayo yalikuwa ya bahati tu; yakabaki matatu.

Alirudi nyumbani likizo na neno hilo kifuani. Siku mbili alipalilia mihogo na mama yake bila kulitaja. Siku ya tatu alimkuta Mseti uani akiziba pancha ya baiskeli ya jirani, akaketi karibu yake, akamweleza yote.

"Kwa hiyo yale mengine yalikuwa uongo?" Mseti aliuliza.

"Si uongo, kaka. Siku ya gulio barabara inajaa, watu wanakutana bila kupanga. Seli nazo zikichangamka zote, lazima zikutane. Mimi nikadhani zimeitana."

Mseti akazamisha mpira kwenye beseni la maji, akaangalia kama kuna povu. Akauliza hayo matatu je. Boke akasema hayo, kwa kadiri anavyoweza kujua, yameitana kweli. Akaomba radhi kwa kumpa tumaini ambalo halijaiva.

Mseti alifuta mikono kwenye suruali, taratibu.

"Dawa zangu nimeshazizoea, Boke. Siku ile kilichonifurahisha ni kwamba ulinipigia mimi kwanza."

Baadaye alitaka kuyaona. Boke akafungua kompyuta juu ya stuli, akamwonyesha mistari ya vidoti vyeusi, kila mstari seli moja na kila kidoti mshtuko wake, na pale ambapo vidoti sita vilisimama wima pamoja. Mseti akaviangalia sana, akaomba aonyeshwe tena. Mama aliwaita wakale. Aliwaita mara tatu.