Udongo Niliomwaga Golini

Nilirudi Kolwezi baada ya miaka kumi na miwili Afrika Kusini, nikiwa na diploma ya umeme wa viwandani niliyoisomea jioni huku mchana nikipakua magunia sokoni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mheshimiwa aliyeniandikia barua. Nyumba yangu niliijenga mwenyewe, na nyaya nyingi zinazoleta umeme wa bwawa la Nzilo kwenye viwanda vya huku zimepita mikononi mwangu. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Nasema kwa sababu mtu aliyejifanikisha mwenyewe huzoea kuamini kwamba hakuna kazi inayomshinda, hata ile asiyoijua.

Na mimi ni mtu wa mpira. Tangu ujana nina daftari la maneno ya makocha. Kocha wetu wa mtaani, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akimwambia kipa: "Weye, usingoje mupira pa nyumba. Enda uukutane mu njia." Siku moja tulifungwa manne kule Likasi, na ndani ya lori la kurudi tulikaa kimya tukisubiri matusi. Akasema kwa Kiswahili cha huku, kinachotia "ba" pale wengine wanapotia "wa": "Leo mulicheza muzuri sana. Shida ni bale bengine, nabo balikuja." Nimesoma vitabu vya uongozi kwa lugha tatu na sijakuta sentensi bora kuliko hiyo.

Napenda pia filamu za michezo. Zote zinafanana: timu inadharauliwa, mvua inanyesha, kocha anaingia chumba cha kubadilishia nguo na kusema kwa sauti ya chini, halafu kila mtu analia. Na mimi nalia. Binti yangu, ambaye ana miaka kumi na minne na ni kipa, hunitazama Jumapili mchana kwenye kochi kama anayemtazama mgonjwa.

"Papa, ule kocha anasema mingi," huniambia. "Match inaanza saa ngapi?"

Kuna jambo ambalo hakuna filamu iliyonifundisha. Niliwahi kusimama kwenye zege la uwanja wa Lubumbashi tangu asubuhi, timu yangu ikapigiwa penalti dakika ya mwisho, nami nikaitazama macho wazi huku nikitafuna karanga. Lakini mtoto wa watu mwenye miguu kama vijiti akikimbia na mpira kuelekea kwa binti yangu, nafumba macho. Ushabiki ukiingia ndani ya nyumba yako unakuwa ugonjwa mwingine kabisa.

Mwaka huu tuliambiwa kwamba mteuzi wa timu ya wasichana ya jimbo atakuja mtaani kwetu Jumamosi kuangalia mechi moja tu. Binti yangu alianza kula kidogo na kufua glovu zake kila siku. Nikajua kwamba anaitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote, na tangu hapo sikulala vizuri.

Uwanja wetu una goli upande wa barabara, na mbele ya goli hilo kulikuwa na bonde dogo. Mvua ikinyesha maji yanasimama pale, na kipa akiruka anaangukia tope. Jumatatu nilimwendea kocha wao, mama anayeuza mikate asubuhi na kufundisha mpira jioni.

"Mama, lile bonde nitalifukia mimi."

"Tata, leka, acha tu. Batoto balizoea tope."

"Mteuzi anakuja, mama. Mi niko na diplome, kusawazisha udongo haiwezi kunishinda."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye mikate yake.

Jumatano nilimpata dereva wa lori aliyekuwa akiondoa udongo mahali wanapochimba msingi wa ghala, upande wa Mutoshi. Alifurahi kuutupa karibu. Sikuukagua. Ulikuwa wa kahawia, mkavu, mzuri machoni. Tuliumwaga, nikausambaza kwa jembe, nikaushindilia kwa pipa lililojaa maji. Jioni nilisimama pale nikatazama kazi yangu kama aliyejenga bwawa.

Alhamisi ilinyesha. Mvua ikaosha vumbi la juu, na yale yaliyokuwa madonge ya kahawia yakageuka mawe ya kijani.

Mtu yeyote aliyekulia hapa anajua maana ya kijani kile: madini ya shaba. Mimi nilikulia hapa. Mtoto wa miaka sita angeinua donge moja, akalitemea mate, akalisugua kwa kidole na kujua. Mimi sikutema mate. Miaka kumi na miwili ya lami ilikuwa imenitoa mate mdomoni.

Ijumaa asubuhi nilipigiwa simu na mama wa mikate. Hakunisalimu. "Tata, kuya uone goli yako."

Nilikuta vijana wa kutosha kucheza mechi mbili. Walikuwa na majembe, nyundo na magunia, na kila kikundi kilikuwa kimeweka shati au kandambili kuonyesha shimo lake, kwa sababu miongoni mwa wachimbaji aliyefungua shimo ndiye mwenyewe, na hakuna anayeligusa. Mbele ya goli kulikuwa na mashimo saba. Mstari wa goli ulikuwa umetoweka.

"Jameni, huu ni uwanja!" nilipiga kelele. "Kesho kuna mechi!"

Kiongozi wao, kijana mwenye lafudhi ya Kikasai na kofia ya mvua, alisimama ndani ya shimo hadi magotini.

"Tata, hii si uwanja. Hii ni mali."

"Ni udongo wa kufukia!"

"Eh! Nani alifukia shimo na mali?" Akawageukia wenzake. "Bandugu, kuko mutu mu huu muji anafukia shimo na mali!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwingine akauliza: "Ni muzungu?"

"Hapana," nikasema. "Si muzungu."

Kijana wa kofia alinitazama, akatazama viatu vyangu, akaelewa kwamba ni mimi. Hakucheka tena. Nadhani alinihurumia, na hilo lilinichoma zaidi.

"Sikia, tata. Ukitufukuza, tutarudia kesho, na bengine batakuja na sisi. Leka tubebe yote. Ile yako tu, mpaka pa udongo ya zamani. Kisha tunakufukia na udongo mwekundu ya pale pa mufereji. Mi ndio nasema, na hawa batasikia."

Nimewahi kusimamia mafundi thelathini. Siku hiyo nilikaa juu ya ndoo na kumsubiri kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu amalize kubeba makosa yangu kwenye magunia. Walifanya kazi bila kupumzika. Nilikuwa nikitazama saa, nikitazama mawingu, nikitazama barabara ambayo binti yangu angetokea akitoka shule.

Akatokea. Alikuja na mkoba mgongoni, akasimama penye mlingoti, akatazama mashimo, si mimi.

"Nani alileta huu udongo?"

Nilikuwa na maneno tayari. Dereva wa lori. Watu wa ghala. Niliyasikia yakipanda kooni, kisha nikaona jinsi alivyoushika ule mlingoti, kwa vidole vyote, kama anayeuzuia usianguke.

"Ni mimi," nikasema.

"Nayua, papa. Ile lori ilipita mbele ya shule. Weye ulikuwa ndani unatusalimia na mukono."

Kweli nilikuwa nimepunga mkono.

"Kesho utacheza?" nikauliza. "Naweza kumwomba kocha wenu wahamishe mechi. Ardhi itakuwa laini, utaumia."

"Mteuzi anakuja kesho. Hakuji siku ingine." Akaweka mkoba chini. "Nionyeshe fasi gani ni laini."

Vijana walimaliza jua likiwa bado juu. Walifukia kwa udongo mwekundu wakakanyaga kwa miguu, wakiimba, wakamkanyagia kipa goli lake kana kwamba ni binti wa kwao. Kisha mimi na yeye tukapita hatua kwa hatua. Hapa shimo lilikuwa la kina, mpira utakufa. Hapa kuna jiwe la zamani, mpira utaruka juu. Karibu na mlingoti wa kushoto usiangukie goti. Nilikuwa nimekariri kila shimo, maana nilikuwa nimekaa na kila moja siku nzima. Alisukuma ardhi kwa kisigino, akarudia, akahesabu hatua kimya. Kabla ya kuondoka aliniambia neno moja tu kuhusu kesho.

"Papa, usisimame nyuma ya goli. Na usiseme kitu."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa nzuri.

Jumamosi nilisimama upande wa pili, karibu na wauza maji, mikono mfukoni. Kipindi cha kwanza alidaka upande mgumu, hakuna aliyemsumbua. Kipindi cha pili wakabadilishana magoli. Mteuzi, mwanamke mfupi mwenye miwani, alikaa kwenye kiti cha plastiki na kuandika kila mara, na kila alipoandika nilihisi kalamu ile ndani ya mbavu zangu.

Shuti la kwanza lilikuja chini upande wa kushoto. Binti yangu hakungoja. Alitoka mapema, kabla mpira haujafika penye udongo laini, akaudaka kwa kifua. La pili vilevile. La tatu lilimpita, kwa sababu lilikuwa la juu na zuri, na hakuna mtu aliyelichimbia shimo. Tulifungwa moja bila.

Baada ya filimbi mteuzi aliwaita wasichana wanne. Nilihesabu: mmoja, wawili, watatu. Wa nne alikuwa wangu. Nikamshika muuza maji begani. Walizungumza mbali, sikusikia. Binti yangu aliitikia kwa kichwa mara tatu, akaja kwangu polepole, tope hadi shingoni.

"Nimechukuliwa," akasema. "Kipa wa tatu. Naenda Lubumbashi, lakini nitakaa pa benchi."

Nilikuwa tayari na simu mkononi. Kaka yangu, mashemeji, mafundi wangu wote, kila mtu alikuwa kwenye orodha. Aliiona simu.

"Papa. Ya tatu. Usiambie batu ya kwanza."

Nikampigia kaka yangu, binti akiwa amesimama hapohapo anasikiliza.

"Amechukuliwa," nikasema. "Kipa wa tatu."

"Wa tatu?" kaka akauliza. "Kuko bangapi?"

Nilimtazama binti yangu. Alinyanyua vidole vitatu.

"Watatu," nikasema.