Lenzi Iliyofichwa Kwenye Soksi

Kwa miaka mingi Ponciano Bacaro alikuwa mpiga picha pekee wa kijiji chetu huku kisiwani Bohol, Ufilipino. Ubatizo, harusi, sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, mazishi, kote ulimkuta yeye, mnene na mpole, amevaa kizibao chenye mifuko mingi, akiwaambia watu wasogeleane. Tulimwita Noy Pons, kama tunavyomwita kaka yeyote aliyetuzidi umri. Picha zake hazikuwa za kutundikwa makumbusho. Lakini ulijiona wewe, ukamwona mama yako, na nguruwe wa kuchoma pale mezani ukamwona pia, mzima, na mkia wake. Sisi hatukujua kama picha inatakiwa kuwa na kingine zaidi ya hapo.

Kamera yake aliinunua ikiwa bado ndani ya boksi, na lenzi yake humo humo. Ilikuwa lenzi nyepesi, ya plastiki. Ukiizungusha upande mmoja inavuta kilicho mbali, ukiizungusha upande wa pili inameza chumba kizima na watu wake. Alifanya nayo kazi miaka na miaka, akasomesha nayo watoto, wala hakuwahi kuionea haya.

Aliyemtia haya ni Jerrick, mpwa wa mzee Tiburcio Olaivar. Kijana alikulia hapa hapa, kisha akaenda mjini Cebu kupiga picha harusi za wenye nazo. Sikukuu moja akarudi na kamera kubwa inayoning'inia tumboni. Tukiwa tumekaa tunakunywa tuba, pombe yetu ya mnazi, mbele ya watu wote, akamtazama Pons na kumwuliza, "Noy, bado unatembea na hiyo lenzi ya bure? Hiyo si wanaiweka tu ili boksi lisipwaye?"

Watu walicheka. Pons naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote, na mimi nikimwona anacheka vile najua maneno yamemkata maini. Haukupita muda akanunua lenzi nyingine, fupi, nzito, ya kioo kitupu. Hiyo haivuti wala haikusanyi, ukitaka mtu awe mdogo unarudi nyuma kwa miguu yako. Lakini sura ya mtu inatoka laini, na kilicho nyuma yake kinafifia kabisa, ndizi zote na kuku wote. Pons akaanza kutembea amenyoosha shingo.

Sasa ile ya zamani aifanyeje? Alihangaika nayo kuliko mtu anayehangaika na shamba la urithi. Leo anaitoa kabatini aiuze, kesho anaifuta vumbi na kuirudisha. Mkewe alimwambia aiache, haiombi wali. Mwalimu Ludivina wa shule ya msingi alikuwa ameletewa kamera na dada yake kutoka Manila, kamera tupu isiyo na lenzi, naye aliitaka ile hata jana. Pons alimkubalia, akamtoroka, akamkubalia tena. Mwishowe aliona aibu ya kumzungusha mwalimu wa watoto wake, akamwambia waonane kwenye mazishi ya Tiburcio, amkabidhi huko huko.

Maana Tiburcio alikuwa amefariki wiki ile. Mkewe, Nang Selya, kama tunavyomwita dada aliyetuzidi umri, alishapooza upande mmoja tangu mwaka uliotangulia na hakuwa mtu wa kutoka kitandani. Jeneza liliwekwa sebuleni, na kitanda cha mianzi cha mama kikasogezwa kando yake ili aweze kunyoosha mkono na kuligusa. Watoto wao sita walirudi wote. Hilo halikuwa limetokea tangu wa mwisho amalize shule, kwa sababu Arlyn yuko Hong Kong analea watoto wa watu, wawili wako melini, na waliobaki wametawanyika huko Mindanao. Nang Selya hakuomba makubwa. Alitaka picha moja tu, yeye na mume wake na watoto wao sita, sura zote zionekane, kabla jeneza halijatoka. Kanisani asingefika, makaburini asingefika, na aliwajua wanawe: wakishatawanyika safari hii, kuwakusanya tena labda awe yeye ndiye aliyelala ndani ya sanduku. Simu za siku zile zilikuwa zinatoa picha zenye ukungu tu, kwa hiyo kila mtu alimtegemea Noy Pons.

Asubuhi ile nilikuwa mlangoni mwa jiko nikikoroga kahawa ya wageni, na yote niliyaona. Pons alikuja na lenzi mpya kwenye kamera. Ile ya zamani ilikuwa chini kabisa ya mkoba, ndani ya soksi safi, ikimsubiri mwalimu. Nyumba ya Tiburcio ni ya mbao, iko juu ya nguzo kama nyingi za kwetu. Sebule yake ni ndogo, na ukirudi nyuma kupita mlango unaporomoka kwenye ngazi. Pons alibana mgongo ukutani, akavuta tumbo ndani, akachungulia. Akawaomba wasogeleane. Akachungulia tena, jasho limeanza kumtoka. Kisha akasema waje watatu watatu.

Arlyn alimgeukia. "Watatu? Noy, wa katikati unamtaka nani amfuate Baba?"

Hata mtoto angejua hilo. Kwetu watu hawapigwi picha watatu, wa katikati hufa, na kulisema mbele ya jeneza ni kujitafutia balaa. Pons mwenyewe alikuwa amewafukuza watu watatu kwenye picha mara nyingi, akiwatafutia wa nne hata kama ni mpita njia. Lakini lenzi yake mpya, mgongo ukiwa ukutani, iliingiza watatu, basi. Wa nne alikatwa sikio. Mama kitandani hakuingia hata kidogo.

Sasa dawa ilikuwa kwenye mkoba, umbali wa mkono. Kutoa soksi, kubadilisha, kuzungusha, na familia nzima ingekuwa ndani. Lakini kwenye benchi pembeni ya jeneza alikaa Jerrick, mikono magotini. Kamera yake aliiacha Cebu, kwa kuwa mfiwa hafanyi kazi kwenye msiba wake. Alikuwa akimtazama Pons. Niliona mkono wa Pons ukishuka mpaka kwenye zipu ya mkoba na kukaa hapo. Nikadhani anatafuta leso.

"Haiwezekani, Nang," akasema. "Nyumba ni ndogo."

Nang Selya akasema, kwa ule ulimi wake mzito wa ugonjwa, "Nisamehe, Dong. Tiburcio alikuwa na nia ya kuongeza chumba. Mbao alishanunua."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha. Mjane, mgonjwa, siku ya kumzika mumewe, anamwomba radhi mtu aliyemwita Dong, yaani kijana, tangu hajaota ndevu, eti kwa sababu nyumba yake imeshindwa kuenea. Na yule mtu aliitikia kwa kichwa, kama anayemsamehe. Mpaka leo nikilikumbuka hilo napata hasira, na Pons ni rafiki yangu.

Wakapigwa wawili wawili, wengine wanne wanne huku wa pembeni wamekatwa nusu, mama peke yake na mkono juu ya jeneza. Zilitoka nzuri kweli, laini, na nyuma kumefifia. Glicerio, mtoto wa kwanza, akashukuru. Wakaja wabebaji, na ndugu mmoja akashika chungu cha udongo tayari kukivunja mara jeneza likivuka mlango, ili msiba usirudi.

Mwalimu Ludivina akafika wakati huo, amechelewa, anahema kwa ngazi. Alimbusu Nang Selya, akaweka sadaka yake kwenye bakuli, kisha akamfuata Pons pale ukutani. Pons alimpa ile soksi harakaharaka kama anayempa kitu cha wizi. Mwalimu hakuwa na habari ya lolote. Ilikuwa lenzi yake ya kwanza na furaha ilimzidi, akaichomeka kwenye kamera yake hapo hapo. Akamwomba Glicerio ruhusa ya kupiga moja ya ukumbusho. Glicerio, akiwa ameshashika mpini wa jeneza pamoja na ndugu zake, akasema apige tu. Pons alikuwa ameshasogea kona ya pili, karibu na dirisha. Mwalimu akasimama pale pale Pons alipokuwa amebana mgongo. Wakanyanyua, naye akabonyeza.

Aliangalia kioo cha kamera akatabasamu. "Wameingia wote," akasema, na kumwonyesha Arlyn aliyekuwa jirani yake, kwa wema tu.

Arlyn aliangalia. Mle ndani kulikuwa na jeneza zima, mama kitandani, ndugu zake watano, yeye mwenyewe, mishumaa, hata benchi la Jerrick, na nafasi ikabaki. Akauliza lenzi hiyo imetoka wapi. Mwalimu akajibu kwamba ni ya Noy Pons, alikuwa nayo mkobani.

Hakuna aliyepaza sauti. Jeneza lilikuwa juu mabegani, na jeneza likishanyanyuliwa halirudishwi chini ndani ya nyumba ila kama unataka lirudi kuchukua mwingine. Kila mtu alilijua hilo. Arlyn alimtazama Pons tu, akasema taratibu, "Kumbe nyumba haikuwa ndogo, Noy."

Uso ulimshuka Pons, masikio yakawa mekundu, na najua alitamani sakafu ipasuke adondoke kwa nguruwe huko chini. Nang Selya alisikia. Aligeuza kichwa kulifuata jeneza mpaka lilipovuka mlango na chungu kikavunjika.

Njiani kwenda kanisani Jerrick alimsogelea. Mimi nilikuwa nyuma yao. Kwa sauti ya chini, bila kejeli yoyote, akamwuliza kwa nini hakuivaa ile ya zamani. "Ya kwangu ninayo mpaka leo, Noy," akasema. "Nyumba za watu utaziingiaje bila hiyo? Siku ile nilikuwa nimelewa." Nadhani hilo lilimuumiza Pons kuliko la Arlyn, kwamba alimdanganya mjane kwa kuogopa macho ya mtu ambaye hata hakuwa anamcheka.

Baada ya maziko Mwalimu Ludivina alishaelewa mambo. Alimrudishia lenzi akamwambia akae nayo, yeye atatafuta nyingine, darasa lake lina nafasi ya kurudi nyuma. Pons alikataa mara moja, kisha akaipokea. Tangu siku ile hajaitoa kwenye kamera. Ile nzito ya kioo ndiyo aliyoiuza, na hakubembeleza bei.

Siku ya arobaini alikwenda kwa Nang Selya na zile picha zote, amezichapisha kubwa, bila malipo. Watoto walishaondoka. Alikusudia kuomba radhi, aliniambia hivyo njiani, na alikuwa amejifunza maneno kama mtoto wa komunyo. Nang Selya alizipokea zile laini moja moja, akazisifu, akaziweka chini ya mto. Kisha akamwonyesha ukutani, juu ya kitanda. Alikuwa ameshatundika ile ya mwalimu.

Nilikuwa sijaiona kabla ya hapo. Watoto wote sita wamo. Glicerio na wadogo zake wa kiume wameinama chini ya uzito, sura hazionekani. Mmoja wa mabinti ameficha uso kwenye leso, na Arlyn anaonekana kisogo. Mama amenyoosha mkono, ametazama jeneza. Ni mtu mmoja tu aliyeikabili kamera, ameona lenzi yake mwenyewe ikimwelekea, macho yamemtoka, uso mzima wazi kwenye mwanga wa dirisha.

"Wageni wakija wanauliza huyu ni mwanangu yupi," Nang Selya akasema. "Nawaambia si mwanangu. Ni mpiga picha."

Hakuwa anamsimanga. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, kisha akamkaribisha kahawa. Pons aliinywa amesimama, ameupa mgongo ule ukuta, na yale maneno ya kuomba radhi aliyojifunza hakuyasema.