Bafu la Mwashi

Bi Sentimita alimkuta mumewe ameketi kwenye sakafu ya bafu, miguu ameinyoosha, bomba bado linamwaga maji kwenye ndoo iliyokwisha kufurika. Hakuwa amemwita mtu. Alipomwona mkewe amesimama mlangoni, roho mkononi, akasema kwa ule mdomo wake uliopinda kidogo upande mmoja:

"Napumzika."

Mke alicheka, kisha akalia, kisha akafunga bomba. Ilichukua muda mrefu kumwinua. Hakuvunjika kitu, shukrani kwa Mungu, ila kiwiko kilichubuka, na tangu siku hiyo ilijulikana wazi kwamba bafu lile lazima lirekebishwe. Swali lilikuwa moja tu: nani alirekebishe?

Jina la Bi Sentimita alipewa na watoto wa shule. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akishona sare katika chumba cha mbele cha nyumba yao, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni kutwa nzima, hata akienda sokoni. Jirani mmoja alizoea kusema kwamba yule mama akikusalimia tu, tayari ameshajua kiuno chako kimeongezeka kiasi gani. Mumewe alikuwa mwashi. Alijenga nyumba za watu, maduka, uzio wa shule nzima, na kazi yake ilisifiwa. Ila bafu la kwake lilibaki vile vile tangu mwaka walipohamia: sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikateleza kama sabuni, na mlangoni kizingiti cha kimo cha kiganja. Kila alipokumbushwa alijibu, "Wiki ijayo, mama." Watoto wakaligeuza kuwa jina la bafu lenyewe. Mtu akitaka kuoga husema anakwenda Wiki Ijayo.

Halafu kikaja kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, mguu ukawa mzito, na maneno yakaanza kumpotea. Alijua anachotaka kusema, lakini neno lililotoka lilikuwa jingine. Akitaka kikombe, anasema kiatu. Mkewe akajifunza kumletea vyote viwili.

Binti yao mkubwa, muuguzi katika mji mwingine, alipopigiwa simu kuhusu kule kuanguka hakutaka maneno mengi.

"Mama, ita fundi. Leo. Avunje kizingiti, aweke vigae visivyoteleza na chuma cha kushikilia ukutani. Mbona jambo rahisi?"

"Baba yako ni fundi, mwanangu."

"Alikuwa, mama."

Bi Sentimita akatazama upande wa kiti cha mumewe. Simu yake ilikuwa na sauti kubwa, na mzee masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

Hata hivyo akaita fundi. Alikuja kijana mmoja mchangamfu, suruali yake imejaa mifuko, akapita ukumbini bila kumwangalia aliyekaa pale, akaingia bafuni. Sauti yake ikasikika nyumba nzima. "Loo! Mama, nani aliwajengea hili? Walikuchezea shere!" Akacheka, akagonga ukuta kwa ngumi, akasema atabomoa kila kitu aanze upya, na kwamba angerudi Jumatatu.

Mchana ule mzee hakugusa chakula. Alikaa akiutazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Mkewe akamwondolea sahani, akaketi karibu naye.

"Nimempigia yule kijana. Nimemwambia asije."

Mzee akainua macho.

"Nitafanya mimi," akasema mkewe. "Wewe utaniambia, mimi nitafanya. Nimepima watu maisha yangu yote, nitashindwa kupima ukuta?"

Mumewe akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea stoo. Ndani ya mfuko wa turubai zana zake zilikuwa safi, zimepakwa mafuta, kama alivyoziacha.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kizingiti. Mzee aliketi ukumbini kwenye kiti, mlango wa bafu wazi mbele yake, na mkewe akapiga magoti na nyundo na tindo. Pigo la tatu lilimpata kwenye kidole gumba. Akaruka, akazunguka, akatoa maneno ambayo watoto wake hawakuwahi kumsikia akiyatoa. Mzee akacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja tu wa mdomo, lakini kilikuwa chake kabisa, kile cha zamani, na Bi Sentimita akiwa amekishika kidole chake akajikuta hasikii maumivu sana.

Kwenye kuta mambo yalimnyookea. Alikata kwanza vielelezo vya vigae kwenye magazeti, kama anavyokata vitambaa, akavipanga ukumbini mbele ya mumewe. Mzee alikuwa akielekeza kwa fimbo: hiki hapa, kile kule, acha nafasi. Mara nyingine neno lilikataa. "Nipe... nipe kijiko," alisema, akimaanisha ampe mwiko aonyeshe jinsi ya kuushika. Aliushika kwa mkono wa kushoto, kwa shida, akachota mchanganyiko na kuutandaza nyuma ya kigae kwa mkupuo mmoja. Mkewe akaiga. Baada ya siku nne kuta tatu zilikuwa zimejaa vigae vyeupe, mistari imenyooka kama pindo la sketi. Alipiga picha akamtumia binti. Jibu likaja: "Nani kafanya?" Hakulijibu mpaka kesho yake, kwa raha tu ya kumwacha ajiulize.

Kosa likawa sakafuni.

Alimwaga saruji mpya asubuhi, akaisawazisha kwa ubao, akaweka juu yake pimamaji, kile chuma chenye kichupa na kiputo cha hewa ndani. Kiputo kikakaa katikati kabisa. Akahamisha huku, akahamisha kule, kila mahali katikati. Akageuka kwa mumewe akitabasamu.

"Chini," akasema mzee.

"Nini chini?"

"Chini. Chini... shuka." Fimbo ikawa inatikisika. "Shuka!"

Akadhani mumewe amechoka, anataka ashushwe kitandani. Akanawa mikono, akamsaidia kuinuka, akamlaza. Mzee alijaribu tena kusema kitu, akashindwa, akageukia ukutani. Saruji ikabaki peke yake, ikakauka.

Siku mbili baadaye walimwaga ndoo ya maji ili kujaribu. Maji yalitulia kidogo, kama yanayofikiri, kisha yakaanza kutembea, si kuelekea kwenye tundu la kutolea maji kwenye pembe, bali kuja mlangoni, na kwa kuwa kizingiti hakikuwapo tena, yakaingia ukumbini mpaka kwenye viatu vya mzee.

Hapo ndipo Bi Sentimita alipoelewa. Sakafu ya bafu haitakiwi kuwa sawa. Inatakiwa kushuka.

Mumewe alikuwa akipiga paja lake kwa ngumi ya kushoto, mara moja, mara mbili, mara tatu. Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Mdomo," akasema. "Mdomo wangu huu."

"Kosa ni langu, baba. Ulisema, mimi sikusikia."

"Nilijua," akasema. "Nilijua."

Mkewe akaushika ule mkono ili aache kujipiga. Wakakaa hivyo, miguu imelowa. Alikuwa tayari kusema kwamba ataivunja yote aanze tena, hata mgongo wake ukatike, hata ichukue mwaka. Lakini mzee ndiye aliyetangulia.

"Mwite Kimya."

Kimya alikuwa mwashi aliyefanya kazi naye miaka mingi, mtu asiyezungumza ovyo. Ndiyo maana ya jina lake. Tangu kiharusi alikuwa amekuja kumjulia hali mara moja tu, akakaa robo saa akizungusha kofia mikononi, akaondoka.

"Una hakika?" akauliza mke.

"Mwite. Sakafu ni yake. Ukuta wako."

Kimya alifika asubuhi iliyofuata. Hakwenda bafuni. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya kiti cha mzee.

"Mkubwa, maji yaende wapi?"

Mzee akaonyesha pembe kwa fimbo.

"Ishuke kimo gani?"

Mzee akainua vidole viwili vya mkono wa kushoto, akafikiri, akakunja kimoja nusu. Kimya akaitikia kwa kichwa, ndipo akaingia kazini. Alisimama kwanza akizitazama kuta. Akapitisha kidole kwenye mianya ya vigae, toka juu hadi chini.

"Hizi kafanya nani, shemeji?"

"Mimi."

"Hm," akasema Kimya. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Alivunja sakafu ile, na Bi Sentimita akatoka uani ili asisikie kila nyundo inavyopiga. Lakini saruji mpya ilipowekwa aliitwa. Kimya akamwekea pimamaji, akamwonyesha kiputo kikiwa kimesogea upande mmoja, akasema, "Hivi," basi. Akamwachia ubao. Nusu ya sakafu ile aliisawazisha yeye, jasho likimdondoka puani, wanaume wawili wakimtazama, na kila alipokosea fimbo ya mumewe iligonga mara moja kwenye fremu ya mlango.

Wakati wa kufunga chuma cha kushikilia, Kimya aligoma kutoboa kigae kwa haraka. Alitumia saa nzima kwa matundu manne. "Hivi vikipasuka, shemeji hatanisamehe," akamwambia mzee, na mzee akacheka tena.

Sasa anaoga mwenyewe. Mwanzoni mkewe alikuwa akisimama nje ya mlango, akijifanya anakunja nguo, mpaka siku moja sauti ikatoka ndani, "Nenda!" Neno hilo lilitoka sawasawa, bila kukosea, na mkewe akaenda.

Wiki tatu baada ya kazi kwisha, gari dogo la mizigo lilisimama nje. Kimya alikuwa amepata kazi ya ngazi inayopinda katika jengo la ghorofa moja, na vipimo vilikuwa havimkai. Aliomba, kama angependa, mkubwa akaitupie jicho. Mzee hakuwa ametoka nje ya uzio tangu arudi kutoka hospitali. Alianza kutafuta kofia yake.

Bi Sentimita alimfunga kamba za viatu, mafundo mawili kila kiatu. Walimpandisha kwenye kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti. Gari likaondoka taratibu, likakwepa shimo, likakata kona. Akarudi ndani, ambako sare kumi na moja zilikuwa zikimsubiri, akaketi kwenye mashine, na kwa muda kidogo hakukanyaga pedali. Alikuwa peke yake nyumbani kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane, na alitaka kusikia jinsi kulivyo.