Rahel na Pijo Chini ya Turubai

Malori yakishuka mlima Sekenke na kuingia Shelui, madereva wengi husimama kupoza breki, kula na kukagua mizigo. Mwenye turubai lililochanika huulizia kwa Rahel. Kibanda chake kiko kando ya barabara, na ndani yake kuna cherehani nzito ya kushonea turubai. Pale cherehani isipofika, anashona kwa mkono, kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa nailoni. Madereva wanamwita Mama Turubai, ingawa hana mtoto. Jina hilo halimkeri. Kinachomkera ni kukaa.

Anashona mshono mmoja, anainuka, anakwenda kutazama barabara, anarudi, anashona mwingine. Watu waliomfahamu kule Ndago, alikoolewa, wanasema zamani hakuwa hivyo. Mumewe alikuwa mtu wa kufunga geti. Akienda kazini anafunga, akirudi anafunga, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Siku Rahel alipoondoka hakubeba kitu ila cherehani. Tangu afike Shelui amehamahama nyumba za kupanga, mpaka mama yake, Evodia, anayeishi juu ya mlima karibu na Misigiri, akaacha kumuuliza anakaa wapi. Siku hizi akipiga simu anauliza tu, "Unakula?"

Pijo aliikuta huko huko juu, nyuma ya mashine ya kukamua alizeti. Mwenye mashine alimwita apime turubai la kuanikia. Rahel alipomaliza kupima, akaona gari limekaa juu ya mawe, Pijo 404 ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma.

"Hii inauzwa?" aliuliza.

"Hiyo? Hilo ni banda la kuku."

"Nikikushonea turubai lako bure, banda la kuku nachukua mimi?"

Yule bwana alicheka mpaka akakohoa, halafu akaona mwenzake hacheki. Wiki haikuisha, Pijo ikashushwa Sekenke juu ya fuso. Rahel alipanda nyuma pamoja nayo, ameshika mlango wake njia nzima kana kwamba anampeleka mgonjwa hospitali.

Anaitakia nini, hakuweza kueleza. Waliouliza aliwajibu ni biashara. Lakini miaka yote hiyo alikuwa akifunika mizigo ya watu wanaokwenda Mwanza, Kigali na Bujumbura, kisha anabaki amesimama kwenye vumbi lao.

Shida ikawa pa kuiweka. Alikuwa amepanga chumba kwa mzee Chediel, na uwanja wa nyumba ile ulikuwa mweupe, jua kali kutwa. Idrissa, fundi wa magari pale Shelui, aliyefiwa na mkewe miaka ya nyuma, alikuja kuitazama Pijo. Akainama, akagonga bodi kwa kidole, kutu ikadondoka.

"Inafufuka," alisema. "Ila siyo hapa. Hapa vumbi litaingia kwenye injini, na rangi itaungua kabla haijakauka. Unahitaji gereji."

"Siwezi kujenga gereji kwenye kiwanja cha mtu, Fundi."

Jioni ile Rahel aliona kwenye simu video ya watu wa nchi nyingine wakisimamisha gereji ya mabomba na kitambaa uani kwao. Akaitazama mara ya pili. Mbona hilo ni turubai tu?

Asubuhi akaanza kukata. Mchomeleaji wa jirani akamtengenezea mabomba yenye viungio vya kuchomeka na kuchomoa. Rahel akashona paa na kuta tatu kwa turubai zito la lori, na mbele akaweka pazia la kukunja juu. Likawa hema la kutosha Pijo na watu wawili wa kuizunguka, na likitaka kuhama linakunjwa likabebwa kwa mkokoteni.

Idrissa akawa anakuja kila siku akipata nafasi, mara nyingi baada ya swala ya alasiri. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifungua kabureta akaipanga vipande vipande juu ya gunia, akamfundisha Rahel kusafisha kila tundu. Rahel alishika msasa akapambana na kutu, lakini hakuweza kukaa upande mmoja wa gari. Alikwangua mlango, akauacha, akahamia bampa, akaacha, akaenda kukaza kamba za hema.

"Maliza mlango kwanza," Idrissa alimwambia siku moja.

"Naumaliza."

"Umeanza mahali pengi kuliko mvua."

Rahel akacheka, lakini mguu wake ulikuwa tayari unaelekea kwenye kamba.

Mwezi wa nane upepo ulikuja. Walikuwa wamepiga boneti rangi ya kwanza, mchana, na Rahel amekwenda kibandani kuchukua kitambaa. Kisulisuli kikazuka kutoka mashambani, chekundu kwa vumbi, kikapita uwanja wa mzee Chediel. Vigingi viling'oka. Hema likainuka zima zima na mabomba yake, likapita juu ya ua, likaangukia katikati ya barabara kuu. Lori lililokuwa linatoka Nzega lilifunga breki mpaka likakaa upande. Hakuumia mtu. Lakini Rahel alipofika na kuona bomba limelala mbele ya tairi, alikaa chini pale pale kwenye lami, na wanawake wawili wakamnyanyua.

Jioni akaenda kwa mwenye nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Mimi sina ubaya na wewe. Lakini kitu chako kimeangukia lami. Kesho kikimfunika dereva wa basi, tutasema nini?"

Rahel aliomba radhi. Alipewa muda wa kutafuta mahali pengine pa kuiweka Pijo.

Idrissa alimkuta kesho yake akishona palipochanika. Alisimama kidogo, akavua kofia, akaivaa tena.

"Nimefyatua matofali," alisema.

"Ya nini?"

"Ya gereji. Kwenye kiwanja changu. Kuta nne, geti la chuma, kufuli nzuri. Upepo hautaigusa." Akaendelea kwa sauti ya chini. "Na wewe mwenyewe ukipenda, uje. Najua wewe ni Mlutheri na mimi ni Mwislamu. Nitakwenda kwa mama yako, nizungumze kwa heshima."

Yalikuwa maneno mazuri, na Idrissa alikuwa ameyabeba muda mrefu kabla ya kuyatoa. Lakini Rahel alisikia kufuli. Shazia ikamteleza.

"Asante, Fundi," alisema, akainama kuiokota.

Siku mbili baadaye alikodi vijana wa stendi wakaisukuma Pijo mpaka pembeni ya maegesho ya malori. Akasimamisha hema tena, safari hii kila mguu ukiwa umefungwa kwenye viroba vya mchanga. Idrissa alikuja kama kawaida, akafanya kazi kama kawaida. Habari ya matofali hakuna aliyeigusa.

Pale maegeshoni Rahel hakupata utulivu hata wa kunywa chai. Kila dereva alichungulia chini ya pazia, kila mmoja fundi wa mdomo. "Toa hiyo injini, weka ya Toyota!" Upepo ukivuma kidogo anakimbia kutoka kibandani kwake mpaka kwenye hema, anashika mabomba, anarudi. Usingizi ukawa wa vipande.

Ijumaa moja Idrissa aliondoka kwenda msikitini akiwa amefunga plagi mpya. "Ukiiwasha, izungushe hapa hapa," alimwambia. "Rejeta bado siiamini, injini itachemka."

Rahel aliiwasha. Pijo ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanguruma. Alikaa ameshika usukani akisikiliza. Leseni alikuwa nayo tangu alipojifunza Singida mjini. Akashuka, akakunja pazia, akarudi ndani, akatoka na gari. Alipofika lami hakuzunguka. Aliendelea moja kwa moja kuelekea Sekenke.

Alipanda vizuri mpaka kona za katikati, ndipo mvuke ulipoanza kutoka kwenye boneti. Akasogea pembeni, akaweka mawe nyuma ya matairi. Lori la mahindi lilipita taratibu likipanda, dereva akamtambua.

"Mama Turubai! Kulikoni?"

"Inapumua!"

"Usifungue kifuniko cha rejeta mpaka ipoe!"

Akatembea kutoka kwenye gari mpaka kwenye kona, kutoka kwenye kona mpaka kwenye gari. Korongo lilikuwa upande mmoja na mlima upande mwingine, na hakuna alichoweza kufanya kuiharakisha. Ilipopoa, akamimina dumu zima la maji lililokuwa kwenye buti, akawasha, akapanda kwa gia ya kwanza mpaka juu.

Evodia alikuwa anapepeta mtama. Alisimama na ungo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo ya nani?"

"Yangu."

Mama alizunguka gari lote, akagusa boneti akaondoa mkono haraka kwa moto, kisha akapanda mbele akafunga mlango. "Tunakwenda wapi?"

"Popote."

"Popote siyo mahali. Nipeleke mashine, nina mtama wa kusaga."

Wakiwa kwenye foleni ya mashine, Rahel alimweleza habari za Idrissa. "Anataka kunijengea kuta, mama."

"Ulimwambia kwamba hutaki?"

"Hapana."

"Yule wa Ndago alikuwa anajua hutaki, akafunga. Huyu hajui. Utamhukumuje mtu kwa jambo ambalo hujamwambia?"

Aliporudi Shelui jua lilikuwa limeanza kulala. Idrissa alikuwa amekaa kwenye kiroba cha mchanga ndani ya hema tupu. Alisimama, uso umemkaza.

"Nimeuliza kila lori lililoshuka. Dereva wa kwanza kakuona umesimama kwenye kona, gari linafuka. Unajua nilifikiria nini?"

"Nisamehe."

"Ungesema tu."

"Basi nasema sasa," Rahel alijibu, na sauti ilimpanda. "Sitaki kufuli, Fundi. Sitaki geti. Nimeshafungiwa, na nilikuwa nahesabu nyufa za ukuta. Ukinijengea nyumba ya dhahabu nitatoroka."

Idrissa alikaza kamba moja ya hema. Kisha akasema, "Lete turubai lako kiwanjani kwangu. Bila ukuta. Siku ukitaka kung'oa, utang'oa, sitauliza."

Kabla ya mvua za kwanza hema likahamia kwa Idrissa. Matofali alijengea jiko. Ndoa haijafungwa, na majirani wanasema wanavyosema; dada yake Idrissa anapita bila salamu. Rahel bado amepanga chumba kwingine, na tangu hapo amekwishahama mara moja. Watu wenye magari ya zamani wamesikia, na sasa ndani ya hema kuna Datsun ya mwalimu mstaafu wa Ikungi. Pijo inalala nje juani, jambo linalomuudhi Rahel, basi ameanza kukata turubai la pili. Jumamosi iliyopita aliliacha nusu, akaenda Singida mjini kutafuta taa ya nyuma ya Datsun. Aliikosa, akaendelea mpaka Ikungi. Akaikosa na huko, akarudi Shelui usiku; Idrissa hakumuuliza alikokuwa.