Nilivyonyimwa pensheni ya kifua kwa kujibu "sijambo", Kassim akapewa

Wakuu salamu. Naandika kama yalivyonitokea, siongezi chumvi. Shule yangu ndogo, mtanivumilia.

Mwaka 98 nilikuwa Guangzhou, China, kufuata mabegi. Siku hiyo nimetoka Shiling, kwenye viwanda vya ngozi. Harufu ya gundi ikanibana kifua mpaka nikakaa chini pale Xiaobei, mlangoni kwa wakala wa cargo.

Kifua hiki nilitoka nacho vitani Uganda. Ghala la adui liliungua, mapipa ya kemikali yakapasuka, Sajenti Mkude akatuingiza mimi na Kassim tukazime kwa ndoo. Barakoa ilikuwa moja. Akavaa yeye, na alikaa nje.

Namtaja, na sijutii.

Sasa nimekaa pale nakohoa, nani anatoka kwenye lift? Kassim. Kanenepa, koti la ngozi, dawa ya kuvuta ya pumu mfukoni. Mwenzangu anakula pensheni ya ulemavu miaka yote, mimi bodi ya madaktari ilinikataa. Moshi ule ule, ndoo zile zile.

Wivu ulinikaba kuliko gundi.

Nikamuuliza alimhonga nani.

Akacheka. "Ulipoingia kwenye bodi walikuuliza nini?"

"Hujambo."

"Ukajibu?"

"Sijambo, afande. Ningejibuje?"

"Basi karani Lyimo kaandika hivyo hivyo, hajambo. Nilifuata mimi, karatasi yako niliiona mezani. Nikasema sijiwezi, hata shikamoo sikumpa. Ndugu yangu, umenyimwa kwa adabu zako."

Yaani aliona, akanyamaza.

Nilitaka kumpiga. Lakini rufaa inataka shahidi, na aliyekuwepo ghalani kabaki yeye peke yake. Nikamwomba. Akaniandikia ushahidi na kusaini juu ya boksi la mzigo, huku akinitania, "Usiende kuwaamkia tena."

Nimerudi Dar, nikaitwa bodi. Daktari kijana, mpole, anainuka kabisa: "Shikamoo mzee, hujambo?"

Wakuu, ulimi ulishatoka. "Marahaba, si..."

Nikamalizia kwa nguvu. "...jiwezi."

Akakaa, akaandika.

Nalipwa, ila kuanzia siku ile tu, ya nyuma yamekwenda. Kassim kanitangulia miaka mingi na nikisikia kajenga tena, kifua kinabana. Hilo bodi haitibu.

Nilichojifunza: ukiingia kwa daktari, salamu iache nje na viatu.

Waliowahi kupita mbele ya bodi, ninyi mlijibu nini?